Bangili ya Ishirini na Mbili

Jumatatu, tarehe 6 Mei
Siku tano kabla ya harusi ya mwanangu. Usingizi sina. Cha kumpa ni bangili moja tu, ya marehemu mama, dhahabu ya karati ishirini na mbili. Ishirini na mbili! Darasani mtoto wa ishirini na mbili hapewi hata kalamu. Leo wifi, dada wa mume wangu, kapita kututambia yake: karati tisa. Wa tisa huyo anapigiwa makofi! Lazima niipate.

Jumanne, tarehe 7
Nimemwita wifi chai. Nikamwambia yangu ina baraka za mama, tubadilishane kwa ajili ya undugu. Akaniuliza kama nina homa. Nikasema sina. Akaivua palepale. Kaingia mwenyewe! Nimecheka peke yangu jikoni mpaka maziwa yakafurika.

Jumatano, tarehe 8
Nimempelekea sonara aing'arishe. Nikajisifu kidogo. Akaweka kitambaa chini, akasema mama, haya si matokeo ya mtihani. Dhahabu tupu ni ishirini na nne. Ya ishirini na mbili imepungukiwa mafungu mawili tu, muhuri wake 916. Hii ya tisa, muhuri 375, mafungu kumi na tano ni shaba na vinginevyo. Nikamuuliza, kumbe namba kubwa ndiyo bora? Akasema ndiyo, kwa dhahabu. Akaendelea kwamba madini ya fedha yana muhuri wake, 925, na wengine huyapaka rangi ya dhahabu. Nilishainuka. Vitu vya fedha sina, vinanihusu nini? Bangili ya mama yangu!

Alhamisi, tarehe 9
Nimekwenda kwa wifi na machozi tayari. Nikaanza kwamba mama kanijia ndotoni. Akasema mama yako mwache apumzike, sema shida yako. Nikasema. Kumbe alijua tangu juzi, kwenye chai! Bangili alishaifunga kwenye leso. Akaniuliza, kwani mimi wa kumdhulumu mtoto wa kaka yangu? Akanikumbusha kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Sharti lake moja: nitamke mbele ya mume wangu kwamba dada yake ana akili kunishinda. Nimetamka. Mara mbili, maana ya kwanza eti hakusikia.

Ijumaa, tarehe 10
Mshonaji kaleta gauni. Mkononi ana bangili pana, inawaka kama taa. Nikamwomba niishike, nikachungulia muhuri ndani. 925! Yangu 916 tu. Safari hii sikukurupuka, nimehesabu kwa vidole: namba tisa juu. Nikamwomba tubadilishane. Kakubali haraka, hata chai hakumaliza. Maskini, hajui namba. Kesho mwanangu atang'aa kuliko wote, na wifi nitamwonyesha muhuri mwenyewe, mbele ya watu.