Bustani ya Monique kwa Siku Tano

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Barua! Imeletwa na Katsuva, dereva wa lori la Beni. Monique, mke wangu, anakuja Jumamosi. Peke yake kwanza, kuangalia. Watoto, Destin na Fifi, wamebaki kwa kaka yake huko Beni, walikokimbilia wote watatu mwezi wa tano wakati wa vita. Anasema tangu wakati huo kinachompa moyo ni barua zangu zinazoeleza habari za bustani yake: waridi, dalia, bugenvilia ya mlangoni, na yale maua mekundu yenye ulimi mrefu ambayo chozi, vile vindege vinavyong'aa, huja kuyanyonya asubuhi. Akiikuta bustani hai, watarudi wote watatu. Akikuta mengine, atabaki Beni, na watoto wataandikishwa shule hukohuko.

Nimeisoma mara tatu. Kisha nikatoka kuangalia bustani.

Hakuna bustani. Mwezi wa sita niling'oa maua yote nikapanda kabeji. Wazo lilikuwa zuri. Kabeji inaliwa, dalia hailiwi! Zikaliwa kweli, na mbuzi ambao sijui ni wa nani. Udongo ukakauka, watu wakakata njia katikati, sasa ni mgumu kama sakafu ya kanisa. Kwenye barua niliendelea kuandika kwamba maua yanawaka. Sikutaka kumsumbua mke wangu ugenini.

Wasiwasi? Sina. Siku tano ni nyingi. Mtu aliyepima dhahabu machimboni Bambu miaka tisa hawezi kushindwa na maua.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeanza kwa Hélène, jirani wa upande wa kulia. Bustani yake ndiyo fahari ya mtaa wetu wa Rwambuzi. Ua wake umejaa mnana wa njano wanaopiga kelele kama wanafunzi wasio na mwalimu, na chozi hawatoki pale. Kila Jumapili avenyu nzima, watu wote wa barabara yetu, hubeba viti vyao kwenda kukaa kwake, kutazama ndege na kusahau mambo. Mimi siendi. Mwezi wa nane aliniuliza mbele ya watu kwa nini nimeng'oa maua ya Monique. Nikamjibu kwamba ni mambo ya kilimo cha kisasa.

Kwa hiyo kuomba siwezi. Nimetumia akili. Nimemwambia kwa sauti ya daktari kwamba maua yake yana ugonjwa wa majani, na kwamba niko tayari kuchukua matawi mawili matatu kwenda kuyapima nyumbani.

Alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema: "Baba Destin, kama unataka maua, unaomba tu. Kinywa yako iko na kufuli?"

Nikamwambia sitaki maua yoyote. Nikarudi mikono mitupu lakini kichwa juu.

Halafu ni maua gani hayo ya kujivunia? Nusu yake yametoka kwetu. Monique alikuwa na ugonjwa huo wa kugawa. Mgeni haondoki kwake bila mche uliofungwa kwenye kitambaa chenye maji. Nilimkanya. Nilimwambia avenyu nzima itafanana na sisi, tutajivunia nini? Hakunisikia.

Jumatano, 8 Oktoba

Asubuhi nimechukua jembe. Nimeanzia karibu na ukuta wa jikoni. Nimepiga mara saba. Jembe linaruka, udongo unanicheka. Malengelenge mawili kwenye kiganja cha kulia.

Saa nne wazo likanishukia!

Tangu mwezi uliopita silaha zimepigwa marufuku katika mji wetu. Askari wa kofia za bluu, wale wa kulinda amani, wanapita wakipekua. Wakisikia kwamba kuna bunduki imefukiwa uani kwa mtu, wanakuja na mashine inayolia juu ya chuma, na pale inapolia wanachimba. Vijana wenye mikono minene! Na sepetu zao wenyewe! Mimi nihangaike na jembe kwa nini?

Mchana kutwa nimefukia misumari, vifuniko vya chupa na makopo ya sardini. Sehemu ishirini na moja. Kwa mistari, hatua moja moja, na duara zuri mbele ya mlango kwa ajili ya waridi. Kamba ya kupimia nimeiazima kwa fundi mwashi.

Kisha nikaenda kwa Muzee Nicolas, shefu wa avenyu, mkuu wetu. Nikamnong'oneza kwamba watu wanasema kuna chuma uani kwa mtu fulani. Akauliza kwa nani. Nikainamisha macho, nikasema ni kwangu. Akavaa kofia yake akaenda kutoa taarifa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wamekuja! Askari sita, ofisa mmoja, mkalimani mmoja. Mashine ililia vizuri kuliko kwaya. Wakachimba. Nikawasindikiza na kamba yangu, nikaomba shimo la mlangoni liongezwe kina kidogo, maana bugenvilia ina mizizi mirefu. Mkalimani akauliza bugenvilia gani. Nikamwonyesha shimo linalofuata.

Kwenye kopo la tisa uso wa ofisa ulibadilika. Mkalimani akasema ofisa anauliza kama ninajua anachofanyiwa mtu anayewachezea askari katika mji huu. Nikajibu kwamba hata mimi nashangaa. Wakaendelea hata hivyo, ni watu wa utaratibu.

Shimo la ishirini na moja lilipokwisha nilikuwa tayari kuwaaga. Mashine ikalia tena. Karibu na ukuta wa jikoni! Pale sikufukia kitu.

Ofisa alipiga magoti, akafuta udongo kwa vidole, akainua mkono. Wote wakarudi nyuma. Gruneti, bomu la mkono. Imeota kutu, bila shaka ilibaki tangu vita vya mwezi wa tano. Tukatolewa avenyu nzima, akina mama na vitoto vyao na sufuria zenye maharage nusu mbichi. Wakailipua palepale, wakiwa wameizungushia mifuko ya mchanga. Vioo vya madirisha vililia mpaka kwa Muzee Nicolas.

Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliketi chini barabarani. Jana nilipiga pale na jembe mara saba. Na pale ndipo Destin alipokuwa akicheza goroli.

Jioni nguvu zimerudi. Muzee Nicolas amenishika mkono mbele ya watu. Wanasema Baba Destin alihisi hatari, akajitoa mwenyewe kuwaita askari. Sikukanusha, si vizuri kumbishia shefu. Na nina mashimo ishirini na mawili!

Ila ndege wote wamekimbia. Ua wa Hélène uko kimya kabisa. Alikuwa amesimama katikati ya bustani yake akiangalia juu, na nilipomsalimu hakuitika.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mashimo bila maua. Nimefikiri mpaka saa tatu, kisha nikaenda parokiani. Stoo yao ina mashada ya plastiki ya mazishi ya zamani. Nimemwambia mtunza sakristia kwamba nimefiwa. Akauliza nani. Nikasema ni mtu wa karibu sana na mke wangu. Akanipa pole na mashada manne.

Nimeyafumua, nimepanda ua moja moja. Ukisimama barabarani ukafumba jicho moja, ni Ulaya kabisa!

Wamebaki ndege. Ndege wanapenda utamu. Nimekoroga sukari kwenye maji, nimepaka kila ua kwa brashi ya viatu. Wakaja sisimizi. Baada ya sisimizi wakaja nyuki, nafikiri nyuki wote wa Ituri. Ndege hata mmoja hakutokea. Nimeumwa mdomo wa juu na sikio.

Jumamosi, 11 Oktoba

Monique amefika saa nane. Amekonda. Mdomo wangu ulikuwa umevimba kama andazi, kwa hiyo sikuweza kutoa hotuba niliyoandaa. Nikanyoosha tu mkono kuelekea bustani.

Aliingia na mzigo wake kichwani bado. Akaenda moja kwa moja kwenye ua la kwanza, akaligusa, akainama. Kumbe nilisahau utepe mmoja wa shada. Akausoma: "Pumzika kwa Amani." Akausoma mara ya pili, polepole.

Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Hakupiga kelele. Akashusha mzigo, akaukalia, akauliza tangu lini. Nikasema tangu mwezi wa sita. Akauliza, na barua zile je? Nikasema barua ni barua.

Akasema huko Beni wanalala watu kumi na mmoja katika vyumba viwili. Kila jioni Destin humwomba amsomee sehemu ya ndege, na sasa ameishika kichwani, anamsimulia Fifi mpaka Fifi analala. Akauliza sasa atamweleza nini Destin. Akasema lori la Katsuva linarudi Jumatatu, na yeye atakuwa ndani.

Niliona aibu. Kubwa. Nilikwenda nyuma ya jikoni nikakaa huko, sina hata wazo moja.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya misa Hélène aligonga. Mkononi ana mche uliofungwa kwenye kitambaa chenye maji. Mimi hakunitazama. Akamkabidhi Monique na kumwambia: "Ni ya kwako hii, ile ya ulimi murefu. Weye ndiye ulinipatia mbele ya vita."

Nyuma yake Muzee Nicolas, ana waridi kwenye kopo. Nyuma yake mama mmoja nisiyemjua, aliyekimbia vita na dalia ya Monique kwenye bidoni, dumu la plastiki lililokatwa, akaenda nayo mpaka Mahagi-Port ziwani, akarudi nayo. Wakaja wengine na wengine. Kila nyumba aliyoigawia imemrudishia. Hélène akasema miche ilikuwa inangoja tangu mwezi wa sita. Walisubiri Baba Destin aseme neno moja tu, aseme naomba, na hakulisema.

Monique akalia, akacheka, akalia tena. Wakapanda pamoja, wakiimba, mimi nikichota maji. Akauliza nani amechimba mashimo mazuri hivi. Nikaenda kuchota ndoo nyingine.

Saa kumi na moja mnana mmoja akarudi kwenye ua wa Hélène. Baadaye wakaja watatu. Watu wote wakaacha kupanda, wakawaangalia. Monique akasema basi, atakwenda kuwachukua watoto, wiki mbili tu. Akaongeza kwamba anarudi kwa ajili ya watu wa avenyu hii, nisijidanganye.

Kila mtu na maoni yake. Mimi nauliza tu: bila mashimo yangu, wangepanda wapi? Mpango umefaulu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Monique ameondoka alfajiri. Ameacha agizo moja: nimwagilie maji asubuhi na jioni, na zaidi ya hapo nisiguse kitu. Alinifanya nilirudie mara mbili mbele ya Hélène. Hélène akajitolea kumwagilia yeye. Nikakataa. Baba mwenye nyumba yupo!

Saa nne amepita Mathieu, rafiki yangu wa tangu Bambu. Ana bata kumi na wawili na hana pa kuwaweka. Akaangalia bustani, akasikitika. Akasema miche michanga namna hii italiwa na konokono kabla ya wiki, na dawa ya konokono ni bata. Isitoshe bata wanarusha maji huku na huku, nusu ya kumwagilia wanaifanya wenyewe. Nikamuuliza kuhusu maua. Akaniapia kwa mama yake kwamba bata ua hawalitazami hata.

Nimefikiri kwa makini, mara hii sikukurupuka. Monique alisema nisiguse kitu, na kweli sitagusa kitu. Bata wanafika kesho asubuhi.