Jina Yangu mu Bibliothèque ya Droit

Mardi, tarehe 4 juillet 2000

Xavier, andika jina yangu kwanza. Marie-Louise M'Murhula. Kubwa. Weka mustari chini yake. Iko muzuri? Sijue kusoma, lakini naona iko muzuri.

Habari ya leo. Mujukuu wangu Olive amemaliza mémoire. Mémoire ni kile kitabu mwanafunzi anaandika mwisho ya masomo. Hakuna mémoire, hakuna diplôme. Yake iko ya Droit, masomo ya sheria, inasema juu ya bajane benye banafukuzwa mu nyumba ya bwana yao. Lundi ataitetea mbele ya jury, balimu benye batamupima.

Miaka tano nimemupikia huyu mutoto sombe, majani ya muhogo. Vita ya kwanza, vita ya pili, makombora inapita juu ya sufuria, miye natwanga tu. Leo ananiambia mbele ya kitabu kuko ukurasa moja ya majina, ya batu anabatolea ile kazi. Inaitwa dédicace. Nikauliza kama niko. Akasema niko. Nikauliza kama niko wa kwanza. Akasema, "Koko, ile si foleni ya maji ku robinet."

Kumbe na Eulalie iko! Eulalie ni koko yake mwingine, mama ya baba yake. Alitoa nini? Rame moja ya karatasi, basi. Alisoma ku ba masœur, basista, miaka tatu, na tangu hapo anavaa lunettes yenye kioo moja na anasoma hata mufuko ya sukari. Siku ya yenga ku misa alinisalimia na vidole mbili. Mutu wa kusalimia na vidole mbili anajua kitu. Iko wa kwanza. Lazima.

Tutaona.

Mercredi, 5 juillet

Nilienda ku bibliothèque ya Droit, nyumba ya vitabu, kuangalia fasi jina yangu italala. Ku barrière askari akaomba karte. Karte yangu ya batizo iliunguaka na nyumba yangu ya kijiji ya Miti, mwaka 96. Hakuna karatasi hata moja yenye jina yangu ilibakia. Tangu hapo naonesha karte ya vaccin, chanjo ya mbuzi. Mbuzi yenyewe ilikufa. Askari anaangalia tampon, ule muhuri, anaigeuza karte, anasema, pita maman.

Ku mulango, Papa Zagabe, mwenye kulinda vitabu, akasema humu banaingia banafunzi na badiplômés tu. Miye niko nani? Nikasema niko diplômée. Wa mwaka gani? Nikasema mwaka ya njala. Akawaza. Njala zimekuwa mingi, akashindwa kunikatalia.

Ule muzee! Mwaka 96 alibeba vitabu ku kichwa mu mifuko ya mahindi, anapita mbele ya bunduki, anasema iko unga. Vingine alipandisha mu plafond, ku dari. Madirisha haina vioo, kuko bâche, turubai, inapigapiga kama bata. Ku ukuta kuko matangazo yake, akanisomea yote na sauti ya chini kabisa. Nyamaza. Chakula haiingie. Silaha inabakia inje. Vitabu vipya vya mwaka huu: hakuna. Mwenye kumaliza alete kopi tatu vendredi mbele ya midi, saa sita ya muchana, akichelewa atangojea mwaka kesho.

Kisha akanifungulia mémoire ya mwaka 79. Mistari tatu tu katikati ya weupe mingi, kama shamba kisha kuvuna. Akaweka kidole. Colette fulani, wa Kamituga, koko ya mwanafunzi. Alikufa zamani. Nyumba yake ilianguka. Hata mwanafunzi alikufa. Papa Zagabe akasema, "Lakini yeye iko hapa."

Nikaugusa ule mustari. Haukuwa moto, haukuwa baridi.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Hata kwa fundi wa viatu sikusimama, na kule nasimamaka siku zote.

Jeudi, 6 juillet

Plan ya kwanza. Ignace, ule anapigaka machine ya kuandika chini ya parasol ku Nyawera, njo anapiga mémoire ya Olive. Nilimupelekea sambaza, visamaki ya ziwa, ya kukaanga, sahani mzima, pilipili ku pembeni. Nikasema: Papa Ignace, andika Marie-Louise juu ya Eulalie.

Akakula. Akalamba vidole. Akasema Olive amemukataza kusogeza hata nukta. Nikasema basi, niambie tu nani iko juu. Akasema aliapa kufunga kinywa. Nikasema kinywa ilifunguka muzuri sana kwa sambaza. Akacheka. Chini ya meza yake nikaona mufupa ya kuku. Kuku! Nani iko na kuku mu Bukavu saa hii, kama si Eulalie?

Nikachukua sahani yangu. Pilipili alikuwa ameacha. Nikairudisha nyumbani.

Vendredi, 7 juillet

Plan ya pili. Hii iko ya akili.

Olive alipeleka kopi tatu mbele ya midi. Midi na nusu, miye huyo, na sufuria ya bugali na maharagi mu kitambaa ya kikwembe. Papa Zagabe hajalipwa tangu miezi mingi, tumbo yake ilisikia harufu mbele ya pua. Lakini sheria ni yake: chakula haiingie. Akasimama. Akaangalia vitabu. Akaangalia sufuria. Akaniomba nibakie ndani kulinda, dakika tano, yeye akule inje ku baraza. Nikasema Papa, kula polepole, vitabu haikimbie.

Nilikuwa nimeficha bonge ya bugali mu mukono. Bugali ya muhogo inashika kuliko colle, gundi ya Wazungu. Na vipande vya karatasi nyeupe, nimevikata nyumbani na wembe. Nikatafuta ule ukurasa wa weupe mingi. Nikauona. Mistari tatu, sawa na ya Colette. Nikafunika mustari ya kwanza. Kopi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikapanguza. Nikaikala. Papa Zagabe akarudi anashukuru, akasema niko mulinzi wa kweli.

Hesabu ni rahisi. Eulalie wa kwanza, miye wa pili. Wa kwanza akitoka, wa pili anakuwa wa kwanza. Na kama miye njo nilikuwa wa kwanza? Haiwezekani. Vile vidole mbili.

Xavier, mbona umesimamisha bic?

Xavier anauliza kama niko sure ya mistari tatu. Ndiyo, tatu. Xavier alikuwa katekista miaka makumi tatu, anasema ameona mémoires za batoto ya parokia, na mustari ya kwanza haiko ya koko wa mutu. Mustari ya kwanza siku zote ni ya Mungu Mwenyezi.

Nimefunika Mungu. Mu kopi tatu.

Xavier, futa. Anasema hafute. Anasema mara moja inatosha.

Samedi, 8 juillet

Nikarudi asubui. Nikasema nimefuata sufuria. Papa Zagabe akaenda kuitafuta inyuma, miye nikashika kopi.

Bugali ilikuwa imekauka kama tofali. Nikatia mate. Ikakataa. Nikatia maji ya chupa, kidogo, kisha kidogo tena. Nikavuta. Mungu akatoka na karatasi yake. Na mustari ya chini ikatoka naye. Ikabakia tundu, na kupitia tundu unaona ukurasa wenye kufuata. Kopi ya pili, vilevile. Ya tatu nikavuta polepole zaidi, tundu ikakuwa kubwa zaidi.

Nikageuka. Papa Zagabe amesimama na sufuria yangu.

Alinigombeza saa mzima kwa sauti ya chini-chini, kwa sababu ku ukuta iko tangazo ya kunyamaza. Sijagombezwaka vile. Mutu akipiga kelele unaweza kujibu. Alisema alipitisha hivi vitabu mbele ya majeshi mbili, hakuna askari hata moja aliyepasua ukurasa. Akaniuliza jina yangu yote. Akaiandika mu cahier.

Papa Zagabe akamuitisha Olive, naye akakimbia kwa Ignace apige ukurasa mupya. Ignace ameenda Luberizi kuzika mujomba, machine imefungwa ndani ya nyumba. Kopi zitaenda kwa jury vile ziko.

Olive hakunigombeza. Aliketi ku kitanda, anaangalia viatu. Miaka tano. Nikamupikia sombe. Hakukula.

Lundi, 10 juillet

Défense, siku ya kutetea. Sale, ukumbi ya masomo, imejaa. Eulalie mbele, na lunettes. Miye inyuma, karibu na mulango, kwa ajili ya kukimbia.

Président wa jury ni Abbé Jean-Marie, padri. Akafungua. Akainua karatasi juu, akamuangalia Olive kupitia tundu. Nikaona jicho yake moja. Akasema amesoma mémoires makumi na makumi, hii njo ya kwanza yenye dirisha. Na ndani ya dédicace hakuna Mungu, kuko tu Maman Eulalie. Mademoiselle anataka kusema nini? Kama ni madharau, jury inaweza kufunga kitabu, tuonane mwaka kesho.

Eulalie akapanguza lunettes, hata fasi haina kioo.

Olive akageuka. Akanitafuta na macho mpaka ku mulango. Nikashika mulango, lakini sikutoka.

Akasema, "Monsieur le Président, Mungu hana lazima ya kuandikwa ili akuwe. Na koko yangu Marie-Louise alikuwa mu mustari ya chini yake. Yeye pia hana lazima ya kuandikwa. Batu bote ya Bukavu banajua kama iko."

Abbé akacheka wa kwanza. Kisha jury yote. Bakaongea juu ya bajane na nyumba saa mbili, sikuelewa kitu, lakini Olive alikuwa anabapiga moja moja. Akapata Distinction, alama ya juu!

Nililia kidogo. Ni moshi ya makaa.

Nyumbani Olive akaniletea soda. Akasema, "Koko, ulikuwa juu yake tangu mwanzo." Juu ya Eulalie. Mara tu kisha ya Mungu. Sasa Eulalie iko peke yake, mu kopi tatu, mpaka mwisho ya dunia. Anasalimia na kidole moja.

Mercredi, 12 juillet

Xavier, kamata bic muzuri. Siku kubwa!

Nilipita ku bibliothèque, kuomba radhi, na kufuata ile sufuria. Mulango imefungwa, na ku mulango kuko tangazo mupya. Karatasi nyeupe, tampon ya bleu. Nikaita Eulalie, alikuwa barabarani anasalimia batu. Nikasema, weye msomi, soma. Akavaa lunettes. Akasoma: "Madame Marie-Louise M'Murhula anakatazwa kuingia mu bibliothèque ya Droit, mwaka huu na miaka yote. Iwajulishe banafunzi na badiplômés bote."

Nikasema, rudilia. Akarudilia. Nikasema, sauti juu kidogo. Akanipa mugongo, akaenda bila kusalimia na hata kidole.

Jina yangu! Peke yake. Na tampon. Yake iko ndani mu giza, mpaka mutu afungue kitabu. Yangu iko inje mu jua, na banafunzi bote na badiplômés bote bamejulishwa. Nikapiga mulango, nikaomba Papa Zagabe aipandishe juu kidogo, mbuzi isifike. Alinijibu kwa sauti ya chini kutoka ndani. Sikusikia muzuri. Sidhani ilikuwa baraka.

Njiani, ku barrière, nikatoa karte ya mbuzi kama kawaida. Na wazo ikaja. Kwa nini karatasi yenye jina yangu na tampon ya bleu iikale ku mulango, na miye natembea na karte ya marehemu?

Kesho asubui nitaenda kuitoa. Polepole. Na maji kidogo.