Chai ya Sukari kwa Uyoga

Jumatatu, 3 Juni
Tumeanza! Mifuko kumi ya mabua ya mpunga kwangu, kumi kwa Baraka, aliyemwoa dada wa mke wangu. Emilienne, agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo wa hapa Kasongo, ametugawia mbegu ya uyoga sawa kwa sawa. Mama mkwe anakuja tarehe 30 kutoka Wamaza. Atakayevuna vizuri ndiye atakayekabidhiwa shamba lake la mpunga. Emilienne amesema tuchemshe mabua, tuyachuje, tupande, tufunge, tuache. Tuache! Baraka ameridhika kulisha uyoga wake mabua matupu. Kwetu mgeni hapokelewi hivyo. Nimemimina chai ya sukari katika kila mfuko, tena iliyokolea. Wa kumi umekosa, birika lilikauka.

Alhamisi, 6 Juni
Nyuzi nyeupe! Zimeanza kwangu kabla ya kwa Baraka. Nimempitia mara tatu leo kwa kisingizio cha kuomba chumvi, nipate kumwonea huruma. Amisa, mke wangu, ameuliza sukari ya nyumba imekwenda wapi. Nimesema sisimizi. Amesema sisimizi hao wanatumia kijiko.

Jumatano, 12 Juni
Jambo la ajabu. Kwa Baraka nyuzi zimeenea mfuko mzima na mabua yamelainika. Kwangu zimejikusanya pale penye utamu, zikatulia. Mabua magumu vilevile. Njaa, bila shaka! Nimeongeza chai, nayo ikaishia mfuko wa tisa. Mfuko wa kumi nimeuficha nyuma ya mlango, kwa aibu ya kuunyima.

Jumatano, 19 Juni
Msiba. Mifuko tisa imeota ukungu wa kijani na inanuka pombe iliyoharibika. Nimemwendea Emilienne, nikasema nina rafiki mwenye tatizo. Akauliza rafiki huyo alitia vijiko vingapi.

Kisha akanieleza, nami nikasahau hata kuona haya. Bua lenyewe ni sukari, ila imefungwa minyororo. Uyoga hutoa vimeng'enya, vitu vya kukata minyororo hiyo, na maagizo ya kuvitengeneza yamo katika jeni zake. Sukari rahisi ikiwepo, protini moja hukaa juu ya jeni hizo na kuzizima. Sukari ikiisha, protini hiyo huondoka. Vipande vidogo vya bua vikiufikia uyoga, protini nyingine huziwasha jeni, na kazi inaanza. Sukari yangu ilizima kazi, halafu ikaualika ukungu wa kijani mezani. "Papa Assumani," akasema, "ile kitu haiko muvivu. Iko na akili."

Hauna kichwa, hauna mwalimu, na bado unajua lini ufunge na lini ufungue! Nimerudi nyumbani nimeduwaa. Nimemhadithia Amisa. Akasema jeni kama hizo zimo humu ndani pia, maana mimi nikikuta ugali tayari sishiki jembe wiki nzima. Nilikuwa nauwaza uyoga.

Ijumaa, 21 Juni
Mfuko wa kumi! Nimeuona nikitafuta ufagio. Mweupe kila pahali, mabua laini. Ule ule niliounyima chai! Nimekaa mbele yake saa nzima kwa heshima. Kisha nimeutoboa matundu, nikaunyunyizia maji, maji tu.

Jumapili, 30 Juni
Mama mkwe ameshuka kwenye pikipiki, vumbi mpaka kope. Mkononi chupa ya asali, zawadi aliyoniletea. Baraka ana mifuko kumi iliyochanua. Mimi mmoja. Lakini mmoja huo! Mama ameugeuza, ameunusa, akachuma, akapika. Amesema hajaonja uyoga mtamu namna hii. Kidogo nilie. Nusu ya shamba amempa Baraka papo hapo. Nusu ya pili ni yangu, mfuko huu ukizaa tena. Usipozaa, Baraka anachukua lote. "Mukwe wangu," akaniambia, "usiuguse. Uuache vile uko."

Nimeapa mbele ya wote. Somo limeniingia: sukari sitii tena, hata chembe. Lakini uyoga umefanya kazi ngumu kiasi kile peke yake, nami nina moyo. Na asali, Emilienne hakuitaja hata mara moja. Nusu chupa imetosha.