Mzuka Usiopiga Hodi: Hotuba ya Mwenyekiti pale Jeppestown

Waheshimiwa wazee wa kanisa, waheshimiwa wazee wa msikiti, mheshimiwa mwenye karakana hii aliyetuazima sakafu, mabibi na mabwana mliokaa, mabibi na mabwana mliokosa pa kukaa, na kwa namna ya pekee kabisa mimi mwenyewe, Mwenyekiti Burhani, mwasisi, mlezi na mshauri mkuu wa Kamati Kuu ya Kuzitengeneza Upya Filamu za Kutisha za Kigeni kwa Matumizi ya Mwananchi wa Kawaida: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haijazingatiwa itazingatiwa kwa awamu. (Makofi)

Ndugu zangu, utafiti wa kina nilioufanya nikiwa nimejilaza umebaini kwamba asilimia tisini na tatu ya Waswahili wa Johannesburg wanaogopa, lakini hawaogopi ipasavyo. Kwa nini? Kwa sababu filamu ya Kikorea ina maandishi chini, na mwananchi wa kawaida hawezi kusoma na kuogopa kwa wakati mmoja; anapomaliza sentensi, mtu ameshaliwa. (Kicheko) Ndiyo maana nikaja na maono, maono nikayaweka kwenye mchakato, mchakato nikauweka kwenye fremuweki, na fremuweki, kwa sababu za kiusalama, sikuiweka popote. (Makofi. Sauti ya Yasini kutoka nyuma: "Mwenyekiti, tunaanza kupiga picha saa ngapi? Bosi amenishikia kazi mpaka saa sita, na sasa ni saa tano na nusu!")

Mmemsikia. Huyo ndiye Ndugu Yasini, mlinzi wa ghorofa kule Randburg, niliyemng'oa getini kwa ulimi wangu huu huu, kwa kuwa urefu ule na wembamba ule ni rasilimali ya jamii. Akaacha kazi juzi aje kuwa mzuka wetu. Kaa, mdogo wangu. Mzuka hana haraka. (Kicheko. Yasini hakai)

Changamoto hazikukosekana. Katika filamu ya wenyewe Wakorea tuliyoanza nayo, msichana anasikia kelele chini ya nyumba, anashika tochi, anashuka ngazi peke yake kuuliza, "Kuna mtu?" Waheshimiwa, tumekaa vikao saba kumtafuta miongoni mwetu mtu wa kushuka ngazi zile, hatukumpata! Mama Clémentine, msusi wetu mahiri kutoka Lubumbashi, alisema mbele ya kikao: "Miye? Nikisikia makelele chini, nabeba watoto, naenda kulala kwa dada kule Kensington. Nyumba ibakie na mwenyewe!" Wakongomani wakapendekeza aitwe pasta na kikundi cha maombi, Watanzania wakataka shehe, na baada ya majadiliano shirikishi wakaitwa wote wawili, hivyo filamu ya dakika mia na kumi ikabaki ya dakika nne, pamoja na majina ya waigizaji. (Sauti: "Amina!")

Aidha, mzuka wa kigeni huingia bila hodi. Kamati ikaona huo si utisho, ni utovu wa adabu, ikaazimia kwamba wetu asimame mlangoni, abishe, angoje kukaribishwa. Basi kwenye mazoezi Yasini akabisha hodi na zile nywele za inchi thelathini alizoshonewa na Mama Clémentine, akakaribishwa, akapewa chai na mandazi, akaulizwa hali za watu wa kwao Tanga, akasahau kabisa kwamba amekuja kuua. (Kicheko kirefu. Yasini: "Saa sita kasoro kumi! Kamera iko wapi?" Mama Clémentine: "Hiyo njo swali, Papa Mwenyekiti! Mtoto wa watu ana familia! Kamera iko wapi?" Sauti nyingine: "Eish!")

Swali zuri, na kwa kuwa ni zuri sitaliharibu kwa jibu. Niseme tu kwamba kamera ipo katika ngazi ya dhana, na kwamba ifikapo robo ya tatu tutakuwa na filamu kumi na mbili, za Kijapani, za Kihispania na nyingine ambazo wenyewe hawajazitunga bado, zitakazoajiri mizuka elfu nne, nusu ya kudumu na nusu ya mkataba. Semeni nami: Hofu yetu, lugha yetu! (Wachache: "Lugha yetu...") Mkaribishe kwanza, ukimbie baadaye! (Yasini anatazama saa)

Nahitimisha kwa shukrani. Asante mwenye karakana, ambaye mpaka dakika hii anaamini hiki ni kikao cha harusi. Asante kinyozi wangu aliyenisimulia filamu yenyewe, maana mimi sijaiona, naye aliizima katikati kwa woga, kwa hiyo hapa hakuna ajuaye inavyoisha. Asante kamera, popote utakapozaliwa. Na asante ya dhati kabisa kwa Ndugu Yasini, aliyenipa namba ya bosi wake nikamwombee muda. Nilimpigia asubuhi, tukaelewana sana. Akaniuliza kama namfahamu mtu mwingine, mvumilivu, mwenye sauti ya amri, asiye na mradi wowote mkononi. Waheshimiwa, sikuweza kumdanganya mtu mzima. (Yasini: "Mwenyekiti!") Uenyekiti nakuachia wewe, mdogo wangu. Mnipishe njia, naripoti getini saa saba.