Wanafunzi Wangu Wanaongea Kama Majaji

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri amerudisha riwaya yangu ya vijana. Eti wanafunzi wangu wa sekondari wanaongea kama majaji wastaafu. Kisa? Msichana wa miaka kumi na sita amemwambia mwenzake, "Nakuomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Adabu nayo imekuwa kosa! Nirekebishe kufikia Ijumaa, la sivyo nafasi yangu anapewa shemeji. Shemeji! Ndugu wa mke wangu, ambaye hata kadi ya pole nilimwandikia mimi. Bora nife.

Jumanne, 4 Machi
Binti yangu amekuja na wenzake wawili kujiandaa kwa mdahalo wa shule wa Jumamosi. Nikajipenyeza sebuleni na gazeti, masikio wazi. Wote wakasimama: shikamoo, baba. Kisha wakajadili umuhimu wa misitu kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Nimesoma gazeti lote, hadi matangazo ya vifo. Sikuambulia neno.

Jumatano, 5 Machi
Nimejificha nyuma ya kochi. Kimya! Wamekaa bega kwa bega na wanaandikiana kwa simu. Wanacheka kwa pamoja, mimi sijui kwa nini. Vumbi huko nyuma si mchezo. Nikapiga chafya. Binti akauliza natafuta nini. Nikasema rimoti. Akasema ninayo mkononi. Shemeji, aliyekuja kuazima pasi, alicheka hadi akakaa chini. Mke wangu amesema mimi ni mtu mzima ovyo.

Alhamisi, 6 Machi
Mficha uchi hazai. Nimemwomba binti waziwazi anipe lugha yao. Akanimwagia maneno bila kupepesa macho. "Kupilingwa", kwa mfano, ni kukasirika. Nimelitia kila ukurasa.

Mchana, kwa kinyozi, nikawauliza wanafunzi wawili waliokuwa wakisubiri zamu mbona wamepilingwa. Wakanipisha kiti. Mmoja akanitafutia maji ya kunywa.

Nimerudi nimefura. Binti amekiri kwamba aliyatunga palepale. Ya kwao ni yao, yakiingia kitabuni yamekufa. Kisha akaomba muswada, akasoma sura ya nne, ya msichana ambaye baba yake hakufika kwenye mashindano yake. Kurasa mbili za lawama, kazi ya jasho! Akasema msichana wa kweli hasemi yote hayo. Anasema nini basi? Anasema, "Sawa, baba," halafu anafunga mlango. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Lile vumbi la kochi bado lipo.

Nimeiandika hivyohivyo na kuituma.

Ijumaa, 7 Machi
Mhariri amepiga simu. Sura ya nne imemliza! Kitabu kinatoka, mradi "kupilingwa" kufutwe kote. Shemeji ametulia kama maji mtungini. Nimemweleza mke wangu kwamba kipaji mtu huzaliwa nacho. Akanitazama weee, kisha akauliza kama kweli nimeielewa sura hiyo. Mimi! Niliyeiandika!

Jioni binti ameuliza kama kesho nitafika kwenye mdahalo. Nimemweleza kwamba nina kazi. Narudisha "kupilingwa" kimyakimya, pamoja na faharasa ya maneno yote aliyonipa. Vijana watajifunza, na mhariri atanishukuru.

Akasema sawa, baba. Akafunga mlango.

Mtoto huyu! Riwaya haijachapishwa, tayari anaiiga.