Masaji ya Bure Kivinje

Mudathiri alishuka Kilwa Kivinje msimu wa korosho ulipopamba moto, akaona jambo ambalo wenyeji walishalizoea: mji mzima umeshika kiuno. Waliookota korosho walishika kiuno, waliobeba magunia walishika kiuno, na hata Sipriani mnunuzi, ambaye kazi yake ilikuwa kuinama na kuchezea mizani, alikishika. Mudathiri, aliyezikimbia kazi zote zenye jasho huko Dar, aliingiwa na huruma ya ghafla. Kesho yake alikuwa amekodi chumba, amejipa udaktari, na ametangaza masaji ya bure kwa asubuhi moja.

Neno "bure" likafanya kazi yake. Foleni ilifika barabarani.

"Masaji inasukuma damu, inaondoa mawazo, inaleta usingizi mtamu," aliwahubiria, na kwa bahati mbaya yote hayo yalikuwa kweli. Uongo ulikuwa mmoja tu. "Ila simu inavuta damu upande mmoja. Iache kapuni humu, uje uichukue alasiri. Ukiigusa kabla, maumivu yanarudi maradufu."

"Mimi ninazo mbili," alisema Sipriani kwa fahari.

"Ndiyo maana unaumwa pande zote, mzee wangu."

Basi la Dar lilikuwa la adhuhuri. Alasiri wenye simu wangekuta chumba na mkeka. Mpango ulikuwa na kasoro ndogo: ili kapu lijae, daktari alilazimika kuchua watu kweli. Kufika mchana viganja vilimwaka moto na mgongo ulikataa kunyooka. Hakuwahi kufanya kazi ya halali kwa muda mrefu namna ile, na sasa alielewa kwa nini aliikwepa.

Alipokuwa akifunika kapu, akaingia mama wa makamo, furushi kwapani na bangili nene ya dhahabu mkononi.

"Shikamoo mama," alisema Mudathiri, akiiamkia bangili.

"Marahaba, mwanangu. Mimi Mwanasha, wa Likawage. Mgongo unaniua."

"Pole. Vua bangili kwanza. Dhahabu nayo inavuta damu."

Mama akaitia kapuni bila ubishi, kisha akamshika viganja. "Mbona vinatetemeka? Utanichua nini nawe umeumia? Mimi ni mkandaji, nimekanda wazazi waliotoka kujifungua tangu ujana. Lala nikunyooshe kidogo, kisha zamu yangu."

Bangili ilishaingia kapuni. Kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Mudathiri akatundika suruali msumarini, akajifunga taulo, akalala.

Mama yule alijua pa kubonyeza. Kitambaa cha maji moto kilipita mgongoni, na Mudathiri akahisi raha mpaka machozi yakamlenga.

"Nimepona, mama."

"Bado kufungwa. Anayekandwa hufungwa kanga, viungo visilegee tena."

"Na mikono pia?"

"Mikono ndiyo iliyofanya kazi, mwanangu."

Kanga zikatoka furushini, zikazunguka kifuani hadi magotini, fundo likakazwa mgongoni. Mudathiri alitaka kuuliza neno, lakini ule usingizi mtamu aliouhubiri asubuhi nzima ukamchukua.

Honi ya basi ndiyo iliyomwamsha. Kapu hakuna. Mama hakuna. Msumari ulikuwepo, suruali hakuna. Akagaagaa mkekani mpaka alasiri, wagonjwa wake walipoingia kufuata simu. Mbele alikuwa Sipriani na mkewe Theresia.

Theresia alimtazama, akapiga kigelegele. "Hongera, mzazi! Umejifungua mtoto gani?"

"Nimeibiwa!"

"Mtoto?"

"Kapu! Kachukua Bi Mwanasha, mkandaji wa Likawage!"

"Likawage tunanunua korosho nyumba kwa nyumba. Hakuna mkandaji wa jina hilo."

Sipriani akainama amfungue. Theresia akampiga kofi mkononi. "Mwache! Mzazi akifunguliwa mapema tumbo linalegea. Mkorogeeni uji wa pilipili manga, tuwapigie polisi."

Watu wote wakapapasa mifuko. Kisha wakatazamana.

Ikabidi Sipriani aende kituoni kwa miguu. Alitukana njia nzima, huku akipiga hatua ndefu za kijana. Kiuno, kusema ukweli, hakikumuuma hata kidogo.