Unga wa Magoti ya Kilema

Mambo yalimharibikia Fredy, Mchagga wa Njoro mjini Moshi, Jumanne ya tarehe 11 Machi 2025, saa ileile aliyoamini yanamnyookea. Sokoni Kilema aliona wazee wakiteremka mteremko kinyumenyume, mikono magotini. Zahanati ilikuwa na bango jipya la uzinduzi, dawa haina. Viongozi wetu wana huruma: hawataki kutuzidishia mambo mawili kwa mpigo.

Pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo, alikwisha kuiuza, ikageuka makopo ya kwato za ng'ombe zilizochemshwa, zikakaushwa na kusagwa. Lebo ilisema: Kolajeni ya Ulaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unauza nini, mwanangu?" Kornelia, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alisogea.

"Magoti mapya. Mwilini nyuzi tatu za kolajeni zinajisokota kuwa kamba. Kamba zinajipanga ubavu kwa ubavu, kila moja imemtangulia jirani kwa robo, kama matofali ukutani. Kisha zinafungana, unapata uzi mnene unaoshika gegedu na mfupa."

"Nani anazipanga?"

"Zinajipanga zenyewe. Hakuna msimamizi."

"Ndiyo maana kazi inakwenda," alisema Kornelia, na soko zima likamgeukia diwani, aliyekuwa akipokea ndizi za bure.

Kornelia akampeleka nyumbani, akamwonyesha magunia yaliyopangwa hadi darini. "Acha makopo yote. Jumapili baada ya misa utabeba kahawa hii, ndiyo malipo yako." Fredy akaacha, mate yakimdondoka.

Jumapili alikuta ukoo mzima umeketi, wanalamba vidole.

"Mkwe wangu Violet kajifungua," alisema Kornelia. "Mtori wake wa ndizi ulikuwa mwepesi. Unga wako wa kwato umeushikisha, baba, hadi mwiko unasimama!"

"Makopo yote?"

"Wageni walikuwa wengi."

"Na kahawa?"

"Tuliuza Januari. Yale magunia ni ya maganda, ya kulazia ng'ombe."

Fredy akafungua mdomo atukane. Kornelia akapiga magoti, wepesi kama binti wa kipaimara, akamnyooshea jani la isale. Mchagga akipewa isale mbele za watu husamehe, apende asipende. Akikataa, mlima mzima humnyima hata maji. Wazee wakakohoa. Fredy akalipokea, akashuka Moshi kwa miguu.

Wazee wa Kilema bado wanabishana kwenye pombe ya mbege, na hata padri amekwepa kujibu: mwizi akipewa isale na mwizi mwenzake, nani kamsamehe nani?